Dar mpaka Msimbati na mhasibu wangu wa miaka 16

Tumerudi wiki ya pili sasa na mchanga bado unatoka kwenye viti vya gari. Naandika hii kwa kuangalia picha za simu na daftari la binti yangu, maana kumbukumbu yangu mimi ya safari ni njaa, jua na kelele za fani ya rejeta, hesabu zote ziko kwake.

Ilianza hivi. Likizo ya mwezi wa sita alitaka twende Zanzibar kama marafiki zake, mimi nikasema hapana, mwaka huu tunaenda kusini kwetu, Lindi mpaka Mtwara, kwa barabara, mimi na wewe. Akanuna siku mbili. Siku ya tatu nikamwekea milioni moja na laki moja mezani nikamwambia hii ndiyo safari nzima, mafuta, gesti, chakula, kila kitu, wewe ndo unashika hela, itakayobaki tunagawana nusu kwa nusu. Kununa kukaisha hapohapo, akaenda dukani kununua daftari la mia nane na akaliandika ukurasa wa kwanza: daftari, 800.

Gari ni Rav4 ile ya zamani, ile mafundi wanaiita Miss Tanzania, ya kwangu ni Miss aliyestaafu. Kabla ya kuondoka nilibadilisha oili, nikacheki breki na matairi. Mipira ya rejeta sikuicheki. Shikeni hilo, tutalirudia.

SIKU YA 1, Jumatatu. Dar mpaka Kilwa Masoko

Tulitoka Tabata saa kumi na moja alfajiri kuiwahi foleni ya Mbagala. Kongowe, Vikindu, Mkuranga, hapo giza bado, mtoto kalala mdomo wazi. Kibiti tukasimama kunywa chai, chapati mbili mbili na supu, elfu sita wote wawili, mhasibu akaandika huku anapiga miayo.

Mbele kidogo ya Kibiti nikapigwa tochi. Sina la kujitetea, ni kijijini, alama ya 50 niliiona ila mguu haukuiona, nilikuwa 67. Trafiki kijana tu, mpole, kanionyesha picha ya gari yangu, kaniandikia elfu thelathini yake kwenye kimashine. Mwanangu akauliza, "Hii naiandika kwenye nini mama, mafuta au chakula?" Nikamwambia andika mengineyo. Akaandika. Baadaye ndo nikaja kuona alichoandika: "Mguu wa mama, 30,000".

Kwa mtakaopita: kutoka Mkuranga mpaka Lindi vijiji ni vingi na kila kijiji kina 50 yake, usijidanganye kwa sababu barabara imenyooka na haina magari. Basi likikupita kwa fujo mwache aende, utamkuta mbele kasimamishwa.

Daraja la Mkapa pale Rufiji nilimwamsha kwa nguvu. Mita 970, lilifunguliwa 2003. Kwake ni daraja tu, akapiga picha moja ya mto akarudi kwenye kiti. Mimi nikasimama baada ya daraja (juu yake usisimame) nikamweleza kwamba hapa palikuwa na pantoni, Ndundu, na mwaka 1994 mimi nikiwa na miaka 12 tulilala hapa siku mbili kwenye basi tukisubiri zamu yetu, mbu wa Rufiji wanatula, watu wanapika kando ya barabara, mama mmoja alijifungulia palepale. Masika ndo usiseme, barabara inakatika kabisa, mwenye haraka anapanda meli Dar mpaka Mtwara na kutapika njia nzima. Akanisikiliza, halafu akasema, "Siku mbili kwenye basi, chakula mlikuwa mnanunua shilingi ngapi?" Nikajua nimemzaa mhasibu kweli.

Tukapita Muhoro. Hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Kinjekitile, yule mganga wa maji, mwezi wa nane 1905, vita vya Maji Maji ndo kwanza vimeanza. Yeye kamsoma darasani ila hakujua kama Muhoro ni sehemu unapita na gari, yenye vibanda vya vocha na watoto wanauza machungwa.

Somanga tulikula. Jamani Somanga. Samaki wa kukaanga wanakuja dirishani kabla hujazima gari, pweza, ngisi, kila kinachoogelea. Bei ya kwanza wanakutajia ya basi, maana wanajua abiria ana dakika tano tu, ukishuka ukakaa kwenye benchi bei inashuka yenyewe. Elfu kumi na nne tulishiba na mwingine tukafunga kwenye gazeti. Njia ya maeneo hayo mvua na kile kimbunga Hidaya cha mwezi wa tano 2024 viliikata vibaya, kwa hiyo nendeni pole pole, ukiona kokoto na vibao punguza, masika ulizia kwanza kabla hujatoka nyumbani.

Nangurukuru tukajaza mafuta, tukakata kushoto, Masoko saa tisa kasoro. Gesti ya elfu arobaini, vitanda viwili, feni, maji ya ndoo yapo na ya bomba yapo usiku. Alitaka tushushe mpaka thelathini, mwenye gesti akamwambia, "Binti, thelathini ipo, ila haina choo ndani." Akalipa arobaini.

SIKU YA 2, Jumanne. Kilwa Kisiwani

Utaratibu: kibali unachukua kwanza ofisini pale Masoko, unapewa na mtu wa kukutembeza, halafu ndo unashuka bandarini kutafuta boti. Mtanzania kiingilio hakimuumizi. Boti ndo ya kupatana, sisi tulilipa hamsini kwenda na kurudi ya kwetu peke yetu. Mkiwa wengi inakuwa rahisi zaidi. Na nendeni asubuhi, mwezi wa sita ni kusi, ikifika saa saba upepo unachafuka na mtarudi mmelowa mpaka moyo. Chukueni na khanga ya kujifunika, kule ni kijiji cha watu, sio bichi.

Ukishuka tu unakutana na Gereza, ile ngome ya mwanzo walijenga Wareno 1505, Waarabu wa Oman wakaja kuijenga upya. Lango lake zuri la mbao bado lipo. Halafu unatembea kwenda Msikiti Mkuu, na hapo binti yangu kwa mara ya kwanza tangu Dar akaweka simu mfukoni. Nguzo na matao ya mawe ya matumbawe, kuba juu, ukiongea taratibu sauti inakuzunguka. Sehemu ya zamani ni ya karne ya 11 huko, sehemu kubwa waliongeza karne ya 14. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika 1331 akausifia mji. Tulikaa mle kama nusu saa hatuongei, mimi kwa kuchoka, yeye sijui.

Husuni Kubwa iko mbali kidogo, juu ya mwamba unaangalia bahari, kasri la sultani na lile dimbwi lake la kuogelea la pembe nane. Hapo mwongozaji wetu akampata mteja wake. Akamwambia Kilwa walikuwa wanatengeneza pesa zao wenyewe, za shaba, na jina la sultani juu yake, na dhahabu ya Sofala, huko Msumbiji, ilikuwa inapitia hapa. Na kwamba 1944 askari mmoja aliziokota sarafu za Kilwa Australia, visiwa vya Wessel, huko juu kabisa kaskazini yake, na mpaka leo watu wanabishana zilifikaje. Mtoto akasimama. "Australia? Yaani mtu alibeba chenji ya Kilwa mpaka Australia?" Njia nzima ya kurudi macho yako chini, anaokota vigae na kuvirudisha. (Virudisheni jamani. Usibebe kitu.)

Tukiwa tunarudi kwenye boti, bibi mmoja kakaa mlangoni anasuka ukili. Shikamoo bibi. Marahaba wajukuu zangu, mbona mnapita kama mvua, kaeni. Tukakaa. Akaleta mihogo ya nazi kwenye bakuli na dagaa pembeni. Tulikuwa na njaa sijui tuseme nini. Tumemaliza, mhasibu akafungua pochi, bibi akamwangalia vile bibi anavyomwangalia mtu aliyekosea kusalimia. "Rudisha hela yako, hapa sio hotelini." Aibu ikamshika mpaka masikio. Kwenye boti akafungua daftari ukurasa wa mwisho kabisa, akaandika juu SIFURI, na chini yake: "Mihogo ya nazi, Kisiwani. Bibi kakataa."

SIKU YA 3, Jumatano. Kivinje, halafu Lindi kwa taabu

Kivinje iko kwenye njia ya kurudi Nangurukuru, unachepuka kidogo tu, wengi wanaipita na ni makosa. Mji wa majumba ya mawe yanayoanguka taratibu, boma la Mjerumani limebaki kuta, mikoko inaingia mpaka ufukweni. Tukaulizia Mwembe Kinyonga. Binti yangu alidhani tunaenda kuona mwembe wenye vinyonga, kabeba na simu tayari kwa picha. Mzee mmoja aliyetupeleka, anaendesha baiskeli pole pole mbele ya gari, akamwambia, "Sio kinyonga yule wa rangi, mjukuu wangu. Ni kunyonga." Ndipo Wajerumani walipokuwa wananyongea watu waliowapinga. Simu ikashuka. Mzee naye hela hakutaka, alitaka tu tumbebe yeye na baiskeli mpaka sokoni, baiskeli ikakaa nyuma gurudumu moja nje. Sifuri namba mbili.

Kutoka Nangurukuru kwenda Lindi barabara ni lami, nzuri, na ni tupu. Vijiji vinapungua, msitu, nyani, jua. Kuna sehemu inaitwa Hoteli Tatu, mtoto akaamka akauliza tunakula hoteli ipi kati ya tatu. Mimi niliona kibanda cha chai kimoja.

Ni huko mbele, kabla ya mto Mbwemkuru, mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikajifanya sijauona. (Msifanye hivi.) Dakika tano mvuke ukatoka kwenye boneti kama sufuria ya makande. Gari imechemsha. Tukasukuma pembeni, nikakata matawi nikayatandaza barabarani nyuma ya gari, nikaona kabisa mpira wa juu wa rejeta umepasuka sentimita tano. Mtandao hakuna. Maji tuliyonayo ni chupa mbili za kunywa, za moto.

Saa nzima na robo tulikaa pale. Yalipita magari mawili tu, yakapunguza yakaangalia yakaenda, siwalaumu sana, wanawake wawili porini watu wanaogopa vya kuogopa. La tatu lilikuwa lori la jasi, limejaa, linapanda kilima kwa kulia. Likatupita, nikakata tamaa, halafu kule mbele nikasikia upepo wa breki. Dereva, mtu mzima, kashuka na kikoi na malapa, utingo wake nyuma na dumu. Mimi mkono uko kwenye kifuniko cha rejeta akanipigia kelele kutoka mbali, "Dada acha! Acha hicho, kitakuchuna uso!"

Akaongea na gari kama mganga. Akamtuma utingo akalete raba ya tyubu ya baiskeli, akaivuta, akauzungushia ule mpira tabaka juu ya tabaka, anaikaza kwa meno, juu akafunga waya. Tukasubiri injini ipoe, tukanywa chai ya chupa yake. Maji yake lita kumi yote yakaingia kwenye rejeta. Akasema kifuniko usikikaze mpaka mwisho ili presha isiwe kubwa, usizidi 60, kila kilomita ishirini simama angalia, na mimi nitakuwa nyuma yako. Na kweli. Lori la tani thelathini likatufuata nyuma kama mama kuku mpaka tukakiona Mchinga, akapiga honi mbili, akasimama kwenye mgahawa wake.

Nilishuka na noti ya msimbazi mbili mkononi. Akacheka. "Nikichukua hiyo, siku nikikwama mimi nitamwambia nini Mungu?" Hata jina hatukulichukua. Binti yangu alikaa na daftari muda mrefu kisha nikaona hakuandika kwenye sifuri, kaandika ukurasa wa peke yake: "DENI. Maji lita 10. Tyubu. Chai. Saa 2 za mtu."

Kwa hiyo wenzangu: dumu la maji lita kumi, raba ya tyubu, waya, na tochi. Bei yake yote haifiki elfu kumi na tano. Na usiku msiendeshe huku, lori bovu halina taa, utaliona ukiwa umeshalifikia, ukikuta matawi barabarani punguza hapohapo.

Lindi tukaingia jua linazama, ghuba na kila kitu rangi ya chungwa, mimi nalia kidogo, nikasema ni vumbi.

SIKU YA 4, Alhamisi. Lindi

Tulilala kwa mama mdogo, kwa hiyo malazi sifuri, ila sio sifuri kihivyo. Asubuhi nilimwambia mhasibu tutoe hela tununue sukari kilo tano, mchele, mafuta na doti ya khanga. Akashangaa, "Si tunalala bure?" Nikamwambia huendi kwa mama mdogo mikono mitupu, hata kama wewe ndo unamdai. Akaandika "sukari nk, 61,000" na alama ya kuuliza pembeni. Jioni mama mdogo alipomfungashia yeye mkeka, chupa ya asali, na kanzu ya marehemu babu ya kumpelekea kaka yake, ile alama ya kuuliza niliona imefutwa.

Fundi wa mjini kabadilisha mpira, mpira 18,000, ufundi kumi, akaniuliza hii raba nani kaifunga, nikamwambia dereva wa lori, akasema huyu mtu anajua.

Chakula cha siku: ming'oko. Kama hujui, ni mizizi ya porini, myembamba, wanaichimba kiangazi, unachemsha unamenya kwa vidole unakula na chumvi na pilipili. Binti wa Tabata aliangalia lile sinia kama limeletwa kwa makosa. Akala mmoja kwa heshima. Akala kumi na tano kwa hiari. Fungu buku barabarani, sokoni jero.

Mchana tulivuka na pantoni kwenda Kitunda ng'ambo ya pili, hakuna cha kufanya kule zaidi ya kukaa chini ya mnazi, ndo raha yake. Pale nikamsimulia Tendaguru. Iko ndani huko, kaskazini magharibi ya Lindi, hatukwenda, njia ya gari kubwa na siku nzima. Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi ya kale, dinosaria, 1909 mpaka 1913, mmoja umesimamishwa Berlin, mita 13 na zaidi kwenda juu. Mifupa ilibebwa vichwani na wapagazi mpaka bandari hii ya Lindi, mwendo wa siku nne hivi, mzigo kwa mzigo, zaidi ya tani 200. Nikangoja aniulize kuhusu mjusi. Akauliza wale wapagazi walilipwa ngapi. Nikamwambia enzi hizo pesa ilikuwa rupia, kiasi gani sikijui. "Na jina lao limeandikwa kule Berlin?" Hapo sikuwa na jibu, nikamnunulia dafu.

Usiku mama mdogo alisimulia Ndundu upande wake, masika ambayo alikaa wiki nzima na magunia yake ya korosho, na mtoto aliyezaliwa kwenye foleni. Kumbe mtoto yule wa 1994 niliyemtaja mimi, mama mdogo anamjua, anaishi Mnazi Mmoja, hii ya huku Lindi, ana duka. Wakampa jina la utani Pantoni.

SIKU YA 5, Ijumaa. Mikindani na Mtwara

Kipande kifupi hiki, saa mbili hivi. Pale Mnazi Mmoja ukinyoosha unaenda Masasi, ukikata kushoto ndo Mtwara. Tulisimama tukamtafuta huyo Pantoni lakini kaenda kuswali Ijumaa, duka limefungwa, tukaacha salamu kwa jirani.

Mikindani msipite na mwendo. Bahari imeingia ndani kama bakuli, mibuyu mikubwa, vichochoro vya nyumba za mawe zenye vibaraza. Boma la Mjerumani la 1895 lipo juu ya kilima, limekarabatiwa ni hoteli sasa. Tulikunywa soda pale, mhasibu kaiona bei kwenye menyu akafunga menyu taratibu kama mtu anafunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Soda mbili zile ndo kitu cha gharama zaidi kwa mlilita tulichokunywa safari nzima, ila mandhari ile haina mfano. Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho 1866, na bei za watu pia zilikuwa zinapangwa hapahapa sokoni. Hilo la mwisho tulilipita kimya.

Mtwara gesti maeneo ya Shangani, 45,000. Jioni pweza wa kuchoma ufukweni.

SIKU YA 6, Jumamosi. Msimbati

Kutoka Mtwara mjini ni kama kilomita 40 na kitu, sehemu kubwa vumbi na mchanga. Ni eneo la hifadhi ya bahari, getini unalipia. Njia nzima unaona vibao vya bomba la gesi, maana ya Mnazi Bay inatoka huku, bomba la kwenda Dar lilikamilika 2015. Nikamwambia unit za LUKU unazomaliza kwa pasi ya nywele nyingine zinaanzia chini ya mchanga huu. Akasema basi huku unit ziwe za bure. Vijana wa getini walicheka sana, wakasema mama, huyu muachieni agombee.

Bichi sasa. Sitaweza. Mchanga mweupe mpaka unaumiza macho, mikoko, miti imeinamia maji, watu hakuna. Mlisikia kwamba Msimbati unaendesha gari juu ya mchanga wa ufukweni? Ni kweli, wenye gari za maana na wanaojua maji yanajaa saa ngapi. Mimi nilijua lakini nikasema kidogo tu. Gari ikazama mpaka ekseli. Maji yanakupwa, ila yatarudi.

Wakatokea vijana saba, sijui walikuwa wapi, pale hapakuwa na mtu. Wakasema elfu thelathini. Nikafungua mdomo, mhasibu akaninyamazisha kwa mkono, akashuka mwenyewe kwenye mchanga na daftari. "Kaka zangu shikamooni. Saba mara elfu mbili ni kumi na nne, na mama yangu atawachekesha bure." Wakaangua kicheko, wakapunguza upepo wa matairi, wakatandika makuti, moja mbili tatu, ikatoka. Nikamuona analipa kumi na nne, halafu kageuka karudi akaongeza mbili. Kumuuliza akasema yule mdogo alikuwa hana viatu.

Punguzeni upepo kabla hamjaingia mchangani, sio baada. Na pampu ya mguu muwe nayo, sisi tulirudi mpaka barabarani matairi yanayumba kama mlevi.

SIKU YA 7, Jumapili

Kulala, kufua, korosho za kubangua za kupeleka nyumbani.

SIKU YA 8, Jumatatu. Mtwara mpaka Dar

Kilomita kama 560 kwa siku moja, tulitoka saa kumi na moja tena. Mnazi Mmoja duka lilikuwa limeshafunguliwa. Pantoni ni baba wa watoto wawili, mfupi, mcheshi, kampa binti yangu biskuti na akakataa hela. Nikamwangalia mtu mzima yule nikamkumbuka mama yake ananguruma nyuma ya basi na wanawake wameshika khanga kuzunguka. Hajui mimi nilikuwa nimeshika pembe moja. Sikumwambia, jua lilikuwa linapanda na safari ndefu.

Mbwemkuru tulipunguza mwendo kuangalia malori ya jasi. Yalipita sita. Kwa kila lori alikuwa anachungulia dirishani, tukiwa na dumu jipya la maji nyuma na fungu la ming'oko kwenye mfuko. Hakuwa yeye. Ming'oko tulikula wenyewe Kibiti.

Tochi hakuna, nilikwenda 48 kila kijiji, mabasi yalinitukana.

Nyumbani saa tatu usiku, sijavua viatu, mhasibu kashamwaga pochi juu ya kapeti. Zimebaki elfu thelathini na nane na mia tano, makato ya simu yakiwa yameshatoka. Nikasema vizuri, elfu kumi na tisa mia mbili hamsini kila mtu, nipe yangu nikaoge. Akasema subiri. Akafungua siku ya kwanza, akaweka kidole kwenye "mguu wa mama". Ile thelathini, anasema, haikuwa ya safari, ilikuwa ya mguu, kwa hiyo inarudi kwenye fungu kwanza, inakuwa sitini na nane na mia tano, tunagawa nusu, halafu mguu unalipa deni lake. Nikahesabu mara mbili kwa vidole nikitafuta kosa.

Nilipata elfu nne mia mbili hamsini. Kanipa na risiti.